Kikombe cha Mkojo na Mtoto Mwenye Usonji

Mada kwa watoa huduma za afya, walimu na wazazi, Busisi, Wilaya ya Sengerema



Nimeombwa nizungumzie viashiria vya kimetaboliki katika mkojo wa watoto wenye usonji. Mwili wa mtoto unapokivunjavunja chakula na kujijenga, mabaki ya kazi hiyo hutoka kwa mkojo. Je, mabaki hayo yanaweza kutuonyesha kwamba mtoto ana usonji? Nalijibu swali mapema, kwa sababu humu ndani wamo wazazi waliongoja majibu kwa miaka na si haki kuwangojesha tena. Hadi leo hakuna kipimo cha mkojo kinachothibitisha wala kukanusha usonji. Hakipo hospitali ya Bugando, hakipo Muhimbili, hakipo London. Anayekuuzia kipimo hicho anakuuzia kitu ambacho sayansi haijakipata.

Hata hivyo, mkojo wa mtoto huyu si wa kumwagwa hivihivi. Upo wakati unaeleza jambo kubwa linaloweza kuokoa ubongo wake, na upo wakati unaeleza tu kwamba tumbo linamtesa. Na hapa ukingoni mwa Ziwa Victoria mkojo una mambo yake, ambayo watafiti wa Roma na London hawakuwa na sababu ya kuyawazia. Hayo ndiyo nitakayoyakalia zaidi.

Swali lina haki yake

Watu wa mwambao huu wameuzoea mkojo kama shahidi. Kichocho kinachotawala kandokando ya ziwa ni kile cha tumbo, ambacho mayai yake hutoka kwa choo kikubwa, lakini minyoo yenyewe huachia kemikali kwenye damu zinazochujwa na figo. Kwa hiyo mtaalamu anadondosha matone mawili ya mkojo kwenye kifaa kidogo cha plastiki, anangoja dakika 20, na kijistari kikijitokeza anajua mtoto ana kichocho. Mama aliyekiona kijistari hicho kwa mtoto wake wa kwanza ana haki ya kuuliza: huyu wa pili asiyeongea, asiyenitazama usoni, anayezungushazungusha kifuniko cha ndoo kutwa nzima, kwa nini hamumpimi hivyohivyo?

Jibu ni kwamba kichocho ni mdudu mmoja mwenye kemikali yake. Usonji si mdudu, wala si ugonjwa mmoja. Tangu Leo Kanner alipoandika habari za watoto 11 huko Marekani mwaka 1943, usonji umetambuliwa kwa kumwangalia mtoto: anavyowasiliana, anavyocheza, anavyoshikilia mambo yaleyale, anavyopokea sauti na mguso. Njia za kufikia hali hiyo ni nyingi. Nyingi ni za kurithi, na zinahusisha vinasaba vingi kwa pamoja. Hapa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwachunguza watoto 20, na 14 kati yao walitimiza vigezo vya usonji; kwa baadhi yao dalili zilijitokeza mara baada ya kupona malaria kali. Ni watoto wachache mno kuthibitisha kwamba malaria ndiyo chanzo, lakini kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, ambako malaria kali bado inawalaza watoto, habari hiyo si ya kupita nayo mbio. Sasa mtoto aliyerithi hali hii na mtoto aliyebadilika baada ya degedege la malaria wanaweza kuwa na tabia zinazofanana kabisa. Sababu gani itufanye tutegemee mkojo wao ufanane?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Basi hakuna kata hapa Sengerema isiyokuwa na watoto hawa, hata kama hawaonekani shuleni wala kliniki.

Pale mkojo uliposema kweli

Mwaka 1934, mjini Oslo, mama mmoja alimpelekea daktari Asbjørn Følling watoto wake wawili waliokuwa nyuma sana kiakili. Alikuwa amezunguka kwa madaktari wengi bila kupata msaada, na alikuwa akisisitiza kwamba watoto wake wana harufu isiyo ya kawaida. Følling alitia kloridi ya chuma kwenye mkojo wao, nao ukageuka kijani, rangi ambayo hakuitegemea. Hakukimbilia kutangaza. Alimwambia mama asiwape watoto dawa yoyote kwa wiki moja kisha alete mkojo tena. Kijani kilirudi. Baadaye alikusanya mkojo wa watu 430 kutoka vituo vya watu wenye ulemavu wa akili, na kati yao akapata 8 wenye alama hiyohiyo. Ndivyo ulivyogunduliwa ugonjwa wa fenilketonuria, ambao usipotibiwa huharibu ubongo wa mtoto na mara nyingine humpa tabia za usonji. Miaka ya 1950 ikapatikana lishe maalumu inayozuia madhara hayo, na leo katika nchi nyingi kila mtoto mchanga hupimwa kwa tone la damu.

Nimeikalia habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, mama alisikilizwa. Harufu aliyoitaja ilikuwa ni kemia halisi, na madaktari waliotangulia waliipuuza. Ya pili, Følling aliondoa dawa kwanza kabla ya kuamini rangi. Watu wengi waliotafuta viashiria vya usonji baada yake hawakuwa na subira hiyo.

Yapo magonjwa mengine ya jinsi hiyo. Mwaka 1984 Jaak Jaeken na Georges Van den Berghe wa Ubelgiji waliwaelezea watoto wenye dalili za usonji ambao maji ya mwili wao, mkojo ukiwemo, yalikuwa na kemikali zisizopatikana kwa mtu wa kawaida. Kimeng'enya kimoja kilikuwa hakifanyi kazi. Upo pia upungufu wa kreatini kwenye ubongo, na aina mojawapo ya upungufu huo hutibika kwa kumpa mtoto kreatini na kurekebisha chakula chake, ilimradi agundulike mapema. Na upo ugonjwa wa Sanfilippo, ambao katika miaka yake ya mwanzo hudhaniwa kuwa usonji mpaka mtoto anapoanza kupoteza hata alichokuwa anakijua.

Haya yote ni nadra sana. Jijini Paris, watafiti walipima kimetaboliki ya watoto 274 wenye usonji usioambatana na dalili nyingine, na majibu yasiyo ya kawaida yalipatikana kwa watoto wawili tu. Fenilketonuria yenyewe ni adimu zaidi kwa Waafrika kuliko kwa Wazungu. Kwa hiyo hatumpimi kila mtoto. Tunamtafuta yule mwenye dalili za ziada, nami nitazitaja mbele.

Pale uliposingiziwa

Miaka ya 1980, Karl Reichelt wa Norway na wenzake walidai kwamba mkojo wa watoto wenye usonji una vipande vya protini za maziwa na ngano, vinavyofanya kazi mwilini kama afyuni na kuulevya ubongo. Dai hilo likazaa vipimo vya kuuzwa kwa posta na lishe ya kumnyima mtoto maziwa na ngano. Lilitamba kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2008 watafiti wa Uingereza wakachapisha matokeo ya kuupima mkojo wa wavulana 65 wenye usonji na watoto 158 wa kulinganisha nao, kwa mashine zinazotambua molekuli kwa uzito wake. Vipande hivyo havikuwepo, si kwa hawa wala kwa wale.

Mzazi wa Busisi ana jambo la kuongezea hapa. Mtoto wa huku anayekula ugali wa muhogo (udaga) au wa mahindi kwa dagaa, mkate akiuona sikukuu kwa sikukuu, tayari analishwa karibu kama lishe hiyo inavyotaka. Usonji uko palepale. Na kumnyang'anya mtoto maziwa ya mgando, katika eneo ambalo watoto wengi wamedumaa, ni kumwongezea shida nyingine juu ya ile aliyonayo.

Baba mmoja aliwahi kuniletea majibu ya mkojo wa mwanawe yaliyotoka maabara ya ng'ambo. Kurasa kadhaa, safu ndefu za majina ya kemikali, na mbele ya kila jina kimstari cha kijani, cha njano au chekundu. Kimstari chekundu kilikuwepo karibu kila ukurasa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na orodha ya virutubisho vya kununua, kutoka hukohuko. Mzee yule alikuwa ameuza ng'ombe kulipia. Hakuna mahali palipoulizwa mtoto alikula nini, anatumia dawa gani, au anaishi wapi.

Linalonitia hofu zaidi ni zebaki. Sisi ni majirani wa Geita, na wachimbaji wadogo wanaochoma zebaki ili kupata dhahabu tunaishi nao. Kwa mchenjuaji wa dhahabu, kupima zebaki kwenye mkojo ni jambo halali kabisa. Kunaonyesha amevuta mvuke kiasi gani, na watoto wanaocheza karibu na mahali pa kuchomea wanastahili kipimo hicho. Lakini wapo waliodai kwamba usonji wenyewe ni sumu ya zebaki, na kwamba dawa za kuvuta madini mwilini zitauondoa. Wanampa mtoto dawa hiyo kwanza, kisha ndipo wanapima mkojo. Dawa huvuta madini kwa mtu yeyote, hivyo majibu lazima yapande. Mwaka 2005, katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani, mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alifariki akitundikiwa dawa ya namna hiyo: iliivuta kalsiamu ya damu, na moyo ukasimama. Zebaki ni sumu, iepukwe kwa nguvu zote. Mtoto asiwekewe dawa hizo kwa ajili ya usonji.

Yanayotafutwa sasa

Utafiti wa siku hizi ni wa heshima zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Imperial College London na wenzao wa Australia walilinganisha mkojo wa watoto 39 wenye usonji, ndugu zao 28 wasio na usonji, na watoto wengine 34. Waliona tofauti, na nyingi zilielekeza kwenye bakteria wa utumbo. Kiashiria kimojawapo kilikuwa asidi hipuriki, ambayo ilikuwa pungufu kwa wenye usonji. Mwaka uliofuata watafiti wa Italia wakaona kwamba kemikali iitwayo p-kresoli iko juu kwa watoto wadogo wenye usonji, wa miaka 7 kushuka chini, na Wafaransa wakaja kuona jambo kama hilo.

P-kresoli hutengenezwa na bakteria wa utumbo wanapokula protini iliyobaki. Choo kikikaa muda mrefu tumboni, bakteria hao wanapata nafasi zaidi. Na kweli, mwaka 2016 Waitalia walewale walieleza kwamba p-kresoli nyingi kwa watoto hao inahusiana na utumbo unaosukuma polepole. Kwa lugha ya zahanati: kufunga choo.

Hapa naomba wauguzi wanisikilize. Mtoto asiyeongea hawezi kusema tumbo linamuuma. Atagonga kichwa ukutani, atajing'ata mkono, ataamka usiku akipiga kelele, atalalia tumbo kwenye ukingo wa kiti. Majirani watasema ni mizimu, na sisi watumishi tutaandika kwenye kadi kwamba ni tabia za usonji. Watoto wengi wenye usonji huchagua vyakula kwa ukali, wakakubali ugali mkavu na kitu kimoja tu kingine, na maji hawanywi ya kutosha. Wanafunga choo. Huna haja ya mashine ya London kulijua hilo. Muulize mama mtoto alipata choo lini na kilikuwa kigumu kiasi gani, kisha weka mkono tumboni. Ukimtibu choo, baadhi ya yale yaliyoitwa tabia yatapungua, na mama atalala.

Jambo jingine la kitaalamu, nalo nalisema kwa ufupi. Mkojo huwa mzito au mwepesi kulingana na maji aliyokunywa mtu, kwa hiyo maabara hugawanya kila kipimo kwa kreatinini, ambayo hutoka kwenye misuli. Mwaka 2006 watafiti wa Uingereza waliona kwamba watoto wenye hali za jamii ya usonji walikuwa na kreatinini ndogo kwenye mkojo kuliko wenzao. Ukigawanya kwa namba ndogo, kila kitu kinaonekana kikubwa. Mtoto mwembamba au aliyedumaa naye ana misuli michache. Kabla ya kuamini kwamba kemikali fulani imepanda, tazama kwanza kilichogawanya.

Mkojo wa mtoto wa mwambao

Sasa tuvilete viashiria hivyo hapa kwetu, tuone kama vitasimama.

Mwaka 2004 watafiti wa Imperial College, maabara ileile ambayo baadaye ilishughulikia usonji, waliwaambukiza panya kichocho cha tumbo na kuupima mkojo wao. Kati ya vilivyobadilika ilikuwamo p-kresoli, ambayo ilipanda. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya watu wenye kichocho hicho nchini Uganda, nayo yakaonyesha mabadiliko yanayohusiana na bakteria wa utumbo. Yaani ile milango ya kemia inayotajwa kwa usonji ndiyo hiyohiyo inayoguswa na kichocho. Mtu akija Busisi na mashine nzuri, akachukua mkojo wa watoto wetu bila kuuliza habari za ziwa, anaweza kurudi na kiashiria cha usonji ambacho kwa kweli ni kiashiria cha kuoga ziwani.

Na liko jambo ambalo sijaona likifikiriwa. Dawa za kichocho na minyoo zinatolewa kwa kingatiba, na kingatiba hutolewa shuleni. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hayupo shuleni. Amekataliwa, au amefichwa nyumbani, au alikwenda wiki moja akarudishwa. Siku ya kingatiba jina lake halipo. Mdogo wake amemeza, binamu zake wamemeza, yeye anabaki na minyoo yake. Ukimlinganisha mtoto huyo na ndugu yake, utakuta mkojo wao tofauti, nawe utasema umeuona usonji. Utakuwa umeuona upungufu wa huduma.

Ongeza chakula. Asidi hipuriki hutokana kwa sehemu kubwa na matunda na mimea, na pia kihifadhi cha benzoeti kinachotiwa kwenye baadhi ya soda. Chupa moja ya soda aliyobembelezewa mtoto ili akubali kupanda gari inatosha kuibadilisha. Samaki nao huacha kemikali zao. Muhogo usiolowekwa vizuri huingiza sayanidi, ambayo mwili huibadili kuwa thiosayaneti na kuitoa kwa mkojo; wenzetu wa Tarime walipata mlipuko wa konzo, ugonjwa wa kupooza miguu, wakati wa ukame wa mwaka 1985, na mkojo ulisaidia kuonyesha chanzo. Hapo mkojo ulifanya kazi yake halali kabisa: kueleza alichokula mtu.

Halafu kuna safari ya kichupa. Mkojo uliokaa juani kwenye bodaboda kwa saa tatu si mkojo uliotoka kwa mtoto. Bakteria wameshaula na kuugeuza. Sampuli ya utafiti wa namna hii inatakiwa igandishwe mapema na ibaki kwenye baridi kali hadi maabara. Na kuupata wenyewe ni kazi. Mtoto asiyependa mguso wa kikombe cha plastiki, anayeogopa mwangwi wa choo cha zahanati, hatakojoa kwa amri. Mama atalazimika kumvizia alfajiri nyumbani, mahali alipozoea. Mtafiti asiyempangia mama huyo muda huo atabaki na sampuli za watoto wapole tu, na matokeo yake yatawahusu hao peke yao.

Kwa hiyo, nini kifanyike

Sisemi utafiti usifanyike hapa. Nasema hapa ndipo pagumu na ndipo penye faida, maana kiashiria kitakachosimama kwa mtoto wa Busisi mwenye kichocho, malaria na ugali wa udaga, kitasimama popote. Mwanza ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ambacho kimekichunguza kichocho kwa miongo mingi, na ina Bugando pamoja na chuo chake cha tiba. Wanaojua minyoo na wanaojua watoto wako ndani ya jiji moja. Kinachotakiwa ni wakae meza moja, na kila mtoto atakayetoa mkojo apimwe kichocho na malaria siku hiyohiyo, aandikiwe alichokula, dawa alizotumia na mara ya mwisho alipopata choo.

Kwa sasa utambuzi ubaki kwenye macho na masikio. Nchini Uganda, Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake walichapisha mwaka 2014 kazi waliyoifanya kwa dodoso la maswali 23, lililotokana na lile la zamani la maswali 10 ya ulemavu na kuongezewa maswali ya usonji, wakalitumia kwa watoto 1,169 wa miaka 2 hadi 9. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kufundishwa kitu cha namna hiyo. Ni kazi ya kukaa kwenye mkeka na mama na kuuliza bila haraka.

Mtoto wa kupewa rufaa kwa ajili ya vipimo vya kimetaboliki ni yule ambaye, pamoja na dalili za usonji, anapoteza ujuzi aliokuwa nao, anadhoofu ghafla au kutapika sana kila apatapo homa au akikaa na njaa, ana kifafa kisichotulia, ini au wengu limevimba, uso unazidi kubadilika kadiri anavyokua, au mama anasema ana harufu ngeni. Hilo la harufu liandikwe kama alivyolisema. Pia wale ambao ndugu zao walifariki wachanga bila sababu kujulikana. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 za maji kati yetu na Kigongo, upande wa Mwanza, zinavukwa kwa dakika chache, na ule udhuru wa kukosa kivuko umekwisha. Nauli bado ipo, na halmashauri iulizwe kuhusu nauli.

Ombi la mwisho ni la walimu wakuu na wahudumu wa jamii. Kabla ya kingatiba ijayo, andikeni pamoja orodha ya watoto wa umri wa shule walioko nyumbani kwa sababu ya usonji au ulemavu mwingine wowote, kitongoji kwa kitongoji. Siku ya kingatiba, kijiti cha kupimia urefu, kinachotumika kukadiria dozi, na dawa vipelekwe majumbani kwao. Vidonge vya kichocho ni vikubwa na vichungu, na mtoto mwenye usonji anaweza kuvitema; mama aambiwe siku moja kabla, mtoto ale kwanza, na mhudumu awe tayari kukaa hapo hata saa nzima.